Orodha ya mwezi wa 8: inatabiri ao inakumbuka?

Wandugu, leo tuache kidogo mambo ya mihogo na mishahara. Niko na ugomvi na binamu yangu, na ninataka muukate nyinyi wasomaji.

Binamu anaishi Columbus, kule Ohio, Marekani. Mwezi wa 8 wa 2025 alinitumia kwa WhatsApp picha ya orodha moja: ekipe 25 za futiboli ya iniversite za Marekani, zimepangwa kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, na msimu haujaanza. Juu kabisa Texas. Chini yake Penn State, kisha Ohio State, kisha Clemson. Indiana iko kule chini, namba 20. Yeye alikuwa amekasirika juu Ohio State, wenye walikuwa na kikombe mkononi, wamewekwa wa tatu. Mimi nilimuuliza tu: "Kaka, hawa watu wamehesabu nini? Magoli ya ndoto?" Akanijibu kwamba kila mwaka iko hivyo, na kila mwaka watu wanagombana.

Mwezi wa 1 wa 2026 msimu ukaisha. Bingwa: Indiana. Mechi 16, ushindi 16, Miami wakapigwa 27 kwa 21 kwenye fainali. Texas hawakuingia hata kwenye mchujo wa ekipe 12. Penn State walimfukuza kocha wao, James Franklin, msimu ukiwa katikati. Binamu akanitumia ile picha tena, na alama za kicheko zimejaa: "Ona uongo wao."

Bon. Hapo ndipo ugomvi ulianzia, juu mimi sikukubali. Siyo kwamba ninatetea ile orodha. Mutaona kwamba niko na mashtaka yangu, na mazito kuliko yake. Lakini kusema "ni uongo" juu ya mwaka mmoja ni uvivu. Sisi wenye tulisoma agronomia tunaishi na utabiri. Mutu anakuletea mfuko wa mbegu, unatwaa mbegu 100, unaziweka kwenye kitambaa chenye maji, unahesabu zenye zimeota, kisha unamwambia mkulima jambo fulani kuhusu shamba lenye halijalimwa bado. Mvua ikikataa kunyesha, je, ulikuwa muongo?

Kwanza, kwa wenye hawajui huo mchezo. Si mupira wetu wa miguu. Ni ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo kama papai, na wachezaji ni wanafunzi wa iniversite. Musidharau hilo neno "wanafunzi": uwanja wa iniversite ya Michigan, kule Ann Arbor, unaingiza watu zaidi ya 100,000. Kwenye ngazi ya juu kuko ekipe zaidi ya 130, na kila moja inacheza karibu mechi 12 tu kabla ya mchujo. Hesabuni wenyewe: ekipe 130 na mechi 12 kila moja, nyingi hazitakutana hata siku moja. Ndiyo maana tangu zamani walihitaji mtu wa kusema nani ni mkubwa kuliko nani. Shirika la habari la Associated Press, lile la AP, lilianza kutoa orodha ya kila wiki mwaka 1936. Mwaka 1950 wakaongeza ingine, ya kabla ya msimu. Waandishi wa michezo kama 60 hivi, kila mmoja anaandika ekipe zake 25. Ya kwanza inapata alama 25, ya pili 24, mpaka ya mwisho yenye inapata alama 1. Wanajumlisha, basi. Hakuna siri ingine.

Kwa hiyo orodha ya mwezi wa 8 ni wastani wa maoni ya watu 60 wenye hawajaona kitu. Wanatazama nini? Mwaka uliopita ulimalizika vipi, wachezaji gani wamebaki, kocha ni nani, vijana wapya waliopewa nyota nne ao tano walienda wapi. Na, tuseme ukweli, wanatazama jina kwenye jezi.

Nilichukua daftari nikaanza kuandika mabingwa na nafasi yao ya mwezi wa 8. Matokeo ya kwanza yanampa binamu haki. Tangu msimu wa 2000 mpaka ule wa 2024, miaka 25, ekipe yenye ilipewa namba 1 kabla ya msimu ilimaliza bingwa mara mbili tu: USC mwaka 2004 na Alabama mwaka 2017. Mbili kwa 25! Mkulima mwenye mbegu zinaota hivyo angekurudishia mfuko kichwani. Na kuko aibu za pekee. Oklahoma walichukua ubingwa wa 2000 wakitoka namba 19. Ohio State 2002 wakitoka 13. Auburn 2010 wakitoka 22. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1984, Brigham Young hawakuwa hata ndani ya orodha, na ndio walikuwa mabingwa.

Lakini ngoja. Kuuliza kama namba 1 alishinda ni swali baya. Tuseme ekipe yako ni bora kweli, imeshaingia mchujo, na kwa kila mechi iko na nafasi 70 kwa 100 ya kushinda, kitu ambacho ni kikubwa sana mbele ya wapinzani wa ngazi ile. Kushinda mechi tatu mfululizo inabaki 34 kwa 100. Mechi nne, 24 kwa 100. Yaani hata malaika akiandika orodha, namba 1 wake atashindwa miaka mingi kuliko yenye atashinda. Mchezo wenyewe ndio uko hivyo: mechi chache, mguu mmoja unavunjika, upepo unageuka.

Swali la kufaa ni hili: bingwa anatoka kwenye kikundi kidogo chenye walitaja, ao anatoka popote? Hapo daftari langu lilinishangaza. Mwaka 2014 walianza mchujo, kwanza wa ekipe nne, kisha tangu 2024 wa ekipe 12. Tangu huo mwaka wa 2014 mpaka 2024 ni misimu 11. Nafasi za mabingwa kwenye orodha ya mwezi wa 8, mwaka kwa mwaka: 5, 3, 2, 1, 2, 6, 3, 5, 3, 2, 2. Someni tena polepole. Hakuna bingwa hata mmoja mwenye alitoka chini ya namba 6. Ekipe 130, miaka 11, na kila mara bingwa alikuwa kati ya sita zenye watu 60 waliandika kabla ya mechi hata moja. Hapo binamu alinyamaza siku mbili nzima. Kwa yeye ni rekodi.

Lakini nami nilijishtaki. Ile 6 niliichagua nikiwa nimeshaona matokeo. Ni sawa na mutu anapima mipaka ya shamba kisha ya mavuno, anaacha nje upande wenye mahindi yalikufa. Basi tuseme tano, namba yenye kila mutu angechagua: bado ni mabingwa 10 kwa 11. Ni LSU wa 2019 peke yao wanabaki nje, wenye walikuwa wa sita.

Sasa kuko jambo lenye wapenzi wa ile orodha hawafanyi na wapinzani wake hawafanyi. Kwenye shamba la majaribio, hatusemi "mbolea hii ni nzuri" juu tu mahindi yamerefuka. Tunaacha pembeni kipande chenye hakikupewa kitu. Ndicho tunaita shahidi. Kama shahidi naye amerefuka vilevile, mbolea yako haikufanya kazi, mvua ndiyo ilifanya. Shahidi wa orodha ya mwezi wa 8 ni nani? Ni mutu mvivu mwenye hafikirii kitu chochote: anatwaa orodha ya mwisho ya mwaka uliopita, anaitoa kopi, anasema "itakuwa hivyo tena."

Nikamlinganisha. Kwa bingwa mwenyewe, mvivu na waandishi 60 ni sare: kila mmoja alipata mara 1 kwa 11. Mvivu alipata Georgia, wenye walishinda 2021 wakarudia 2022. Waandishi walipata Alabama wa 2017. Hapo nilicheka peke yangu mbele ya simu. Lakini kwa kikundi cha sita, tofauti inaonekana. Waandishi 11 kwa 11. Mvivu 7 kwa 11. Alikosa Ohio State wa 2014, wenye walikuwa wamemaliza wa 12. Alabama wa 2020, wenye walikuwa wamemaliza wa 8. Georgia wa 2021, waliomaliza wa 7. Na Ohio State wa 2024, wenye walikuwa wa 10. Mara zote nne waandishi walikuwa wamewapandisha, na mara zote nne walikuwa na haki.

Kwa hiyo wale watu 60 wanajua jambo. Wanajua kutofautisha ekipe yenye ilianguka juu ya bahati mbaya na ekipe yenye imeisha. Alabama ya 2019 ilimpoteza mpangaji wake wa mchezo, Tua Tagovailoa, kwa kuumia nyonga. Mzizi ulikuwa mzima, ni tawi lilikatika. Orodha ya mvivu inaona tawi tu. Waandishi waliona mzizi. Miaka 11 si mingi, ninajua, prof yeyote wa takwimu angeniuliza marudio yako wapi. Lakini tusiwaibie haki yao.

Na kwa nini juu kuko imara namna hiyo? Juu chakula kinaingia sehemu moja. Vijana wa nyota tano hawagawanywi. Wanaenda Alabama, Georgia, Ohio State, na rundo dogo la zingine. Kocha mkubwa anaenda kwenye pesa, kijana anaenda kwa kocha. Ukijua udongo ulipewa mbolea miaka mitano mfululizo, hauhitaji unabii.

Chini ya orodha ndiko kunaoza. Kuanzia kama namba 9 kwenda chini, wapiga kura wanaandika majina kwa kumbukumbu. Mfano wenye unaniumiza ni Florida State. Mwaka 2023 walishinda mechi 13 zote za kabla ya mchujo, na bado kamati ikawaacha nje ya ekipe nne. Wachezaji wengi wakaenda kwa wakulipwa, wengine wakakataa kucheza ile mechi ya mwisho, Georgia wakawapiga 63 kwa 3. Mwezi wa 8 wa 2024 waandishi wakawaweka namba 10. Kumi ya nini? Wale wachezaji walishaenda! Jezi ndiyo ilibaki. Walimaliza na ushindi 2, kupoteza 10. Texas A&M wa 2022 vilevile: namba 6 mwezi wa 8, kisha wakapigwa nyumbani na Appalachian State, wakamaliza 5 kwa 7. Na mwaka uleule TCU, wenye hawakuwa kwenye orodha hata kidogo, wakafika fainali. (Kule fainali Georgia waliwapiga 65 kwa 7, lakini walifika.)

Hata juu kuna wakati wanatazama majani wanasahau mizizi. USC wa 2012 ni somo. Matt Barkley, mrushaji wao, alikataa kwenda kwa wakulipwa ili amalize mwaka wake wa mwisho. Alikuwa na wapokeaji wawili hatari, Robert Woods na Marqise Lee. Majani mabichi kabisa. Lakini ile iniversite ilikuwa chini ya azabu ya NCAA, shirika lenye linasimamia michezo ya iniversite: walinyanganywa bursa 30 kwa muda wa miaka mitatu. Yaani benchi ilikuwa nyembamba. Kila mutu alijua ile azabu, iliandikwa kila mahali, na wapiga kura bado wakawaweka namba 1. Walimaliza 7 kwa 6, nje ya orodha. Namba 1 wa mwezi wa 8 kumaliza nje ya orodha, jambo hilo halikuwa limeonekana tangu Mississippi wa 1964. Ukiuliza upungufu wa orodha uko wapi, mimi nitakuonyesha pale: inahesabu wenye wanaonekana kwenye televisheni, haihesabu mchezaji wa 40.

Sasa ninakuja kwenye shitaka langu lenyewe, lenye binamu hakulifikiria kabisa. Kosa kubwa la hii orodha halikuwa kukosea. Lilikuwa kuingia ndani ya matokeo.

Msimu wa 2004. Wakati ule hakukuwa na mchujo. Ekipe mbili tu zilichaguliwa kucheza mechi moja ya ubingwa, na uchaguzi ulifanyika kwa kuchanganya orodha ya AP, orodha ya makocha na hesabu za kompyuta. Mwezi wa 8 AP waliweka USC wa kwanza na Oklahoma wa pili. Auburn, kutoka Alabama, waliwekwa namba 17. Mechi zikaanza. USC wakashinda zote. Oklahoma wakashinda zote. Auburn nao wakashinda zote, na hawakuwa wanacheza na watoto. Konferansi yao, SEC, ni moja ya zenye nguvu zaidi. Mwisho wa mwaka ekipe zote tatu ziko bila doa, na nafasi ni mbili.

Nani alibaki nje? Munajua tayari. Kwenye hizi orodha kuko desturi moja isiyoandikwa: ekipe yenye imeshinda haishushwi. Unapanda tu kama wa mbele yako wameanguka. USC na Oklahoma hawakuanguka, kwa hiyo toka mwezi wa 8 mpaka mwezi wa 12 walibaki wa kwanza na wa pili. Auburn walipanda kutoka 17 mpaka 3, wakagonga kichwa kwenye dari. Hakuna mechi waliyopoteza. Walipoteza mwezi wa 8, kabla ya kuvaa viatu. Na kule fainali USC wakapiga Oklahoma 55 kwa 19. Auburn walimaliza 13 kwa 0, wakapewa nafasi ya pili kwenye karatasi.

Tazama sasa namna utabiri unajipatia haki. Waandishi walisema USC na Oklahoma ndio wakubwa, na kweli USC na Oklahoma wakacheza fainali. Mutu akihesabu usahihi wa orodha ya 2004, atawapa alama nyingi sana! Lakini ni sawa na agronome mwenye anatabiri shamba gani litazaa, kisha anapewa ufunguo wa depo ya mbolea.

Hapo nitaingiza jambo langu, kisha nirudi. Nilipoingia mwaka wa kwanza nilikuwa na 54 kwa 100 ya diploma ya Serikali. Asistanti mmoja, siku ya kwanza, alisoma asilimia zetu mbele ya wote. Wa juu ya 65 akawaweka kwenye kikundi cha kwanza cha labo. Mikroskopu yenye ilikuwa inafanya kazi muzuri ilikuwa moja. Kikundi cha kwanza kilianza nayo kila alhamisi, sisi wa mwisho tulifika saa umeme umeshaenda. Mwisho wa mwaka kikundi cha kwanza kilipita kwa wingi. Asistanti alifurahi sana: "Niliwaambia." Hata leo sijui kama alikuwa na haki. Hilo ndilo linaniudhi, kwamba hatutajua kamwe. Ile mikroskopu iliharibu jaribio.

Turudi Marekani. Kwa kweli AP wenyewe waliona aibu. Mwezi wa 12 wa 2004 waliandikia wasimamizi wa ule mfumo waache kutumia orodha yao. Mwaka uliofuata orodha ingine ikachukua nafasi, ile ya Harris, na iliamuliwa isitoke kabla ya mwisho wa mwezi wa 9, ili watu waone kwanza mechi kidogo. Mwaka 2014 mchujo ulipoanza, kamati ya watu 13 ikapewa kazi ya kuchagua, na yenyewe haitoi orodha yake ya kwanza mpaka msimu umeshapita nusu. Hayo ni marekebisho ya kweli, ninayasifu. Orodha ya mwezi wa 8 imenyanganywa ufunguo wa depo.

Imenyanganywa wote? Hapo nina mashaka. Wale 13 ni watu, wanasoma magazeti kama wengine. Ukipiga ekipe yenye iko namba 8, televisheni inasema umepiga wakubwa, hata kama ile 8 ilitoka kwenye kumbukumbu ya mwaka uliopita. Ushindi wako unapimwa kwa mizani yenye ilitengenezwa mwezi wa 8. Siwezi kukupimia hilo kwa kilo, lakini nafasi 12 za leo zinapunguza ubaya wake: Auburn wa 2004 angeingia leo bila shida. Ohio State wa 2024 walipoteza mechi mbili na bado wakaingia, bado wakachukua kikombe. Mbele ya lango la watu 12, nafasi ya mwezi wa 8 haiuwi mutu tena. Inamchelewesha tu.

Sasa turudi kwa Indiana, juu najua binamu anasoma na anangoja.

Indiana kwa miaka mingi ilikuwa mfano wa kupoteza kwenye futiboli. Kule jimboni kwao mchezo wa heshima ni basketi. Mwisho wa 2023 walimleta kocha Curt Cignetti kutoka James Madison, na wachezaji kadhaa wa James Madison wakamfuata. Siku hizi mwanafunzi anaweza kuhama iniversite na kucheza palepale bila kungoja mwaka, kitu chenye kimebadilisha kazi ya kutabiri kuliko kitu kingine chochote. Udongo ulikuwa unahitaji miaka mitano. Sasa wanaleta udongo kwa lori. Mwaka wa kwanza, 2024, Cignetti alishinda mechi 11, akaingia mchujo, Notre Dame wakamtoa. Indiana wakamaliza namba 10 kwenye orodha ya mwisho. Kisha mrushaji mpya, Fernando Mendoza, akahamia kwao kutoka California.

Yule mvivu wetu, shahidi, mwenye anatoa kopi tu, angewaweka Indiana namba ngapi mwezi wa 8 wa 2025? Kumi. Waandishi 60, wenye akili, wenye kusafiri, wenye kuongea na makocha, waliwaweka 20. Waliwashusha nafasi kumi. Si juu ya kukosa habari: kila kitu kilikuwa mezani. Kulikuwa na sababu za kusema, ratiba yao ya 2024 ilikuwa laini, mrushaji wa zamani alikuwa ameondoka. Lakini Texas nao walikuwa na mrushaji mpya, Arch Manning, mwenye alikuwa hajawa mwanzilishi wa kudumu hata msimu mmoja, na wao walipandishwa mpaka namba 1. Tofauti ni nini? Manning ni mpwa wa Peyton na Eli Manning. Texas ni Texas. Indiana ni Indiana. Wiki ya kwanza Texas walienda Columbus, kwa binamu yangu, wakapigwa 14 kwa 7. Mwezi wa 10 Texas na Penn State, namba 1 na 2 wa mwezi wa 8, walitoka kwenye orodha ya 25 wiki moja.

Kwa hiyo, binamu, mwaka 2025 hauonyeshi kwamba hawajui kitu. Miaka 11 walimshinda mvivu kwa sababu walirekebisha kwa kutazama mizizi. Mwaka huu mvivu aliwashinda kwa sababu walirekebisha kwa kutazama jina. Ni mkono uleule, na hakuna mutu kutoka nje anayeweza kukuambia mwezi wa 8 umetumika kwa lipi. Ukitaka kujua, weka shahidi pembeni: kila ekipe, andika ilimaliza ya ngapi na imewekwa ya ngapi, kisha uliza ile tofauti imetoka wapi. Kama jibu ni mchezaji mwenye amepona, ama kocha mwenye ameleta watu wake, heshimu. Kama hakuna jibu isipokuwa jezi, unaweza kucheka.

Mwezi wa 8 wa 2026 orodha mpya itatoka. Daftari langu iko tayari na safu mbili, mvivu na waandishi. Kwa mvivu, namba 1 imeshaandikwa: Indiana. Tunangoja kuona wale 60 watawaweka wapi. Binamu anasema watawapa Ohio State. Nimemwambia aandike na tarehe, juu yeye akikosea anafutaga.